Mashua Zilizonusurika Moto

Chombo cha baharini kina njia nyingi za kufa, wanangu. Kipo kinachopanda mwamba usiku. Kipo kinacholiwa na wadudu wa mbao, kidogo kidogo, mpaka ubavu unakuwa kama chujio. Kipo kinachosahauliwa ufukoni, jua likakipasua, watoto wakakigeuza mahali pa kuchezea kombolela. Leo nataka kuwasimulia vyombo vilivyouawa na karatasi, na vichache vilivyoponea chupuchupu vikapewa kazi ambayo mafundi waliovijenga hawakuiota.

Hadithi hii haina sungura wala jini. Ni ya kweli mwanzo mpaka mwisho, nayo ilitokea mbali sana na kwetu, katika kisiwa cha Aisilandi. Chukueni ramani. Itafuteni Uingereza, kisha pandeni juu, kaskazini na magharibi, mpaka mkaribie mstari wa Aktiki. Hapo kuna kisiwa kikubwa chenye barafu juu na moto chini, maana milima yake mingine ni volkano. Katika pwani yake ya kaskazini kuna mji mdogo wa bandari uitwao Húsavík. Watu wake hawafiki elfu tatu. Ukisimama gatini, ng'ambo ya maji unaona milima yenye theluji hata wakati wa kiangazi.

Jina la mji lina kisa chake. Kitabu cha kale cha watu wa Aisilandi, Landnámabók, kinasimulia kwamba karibu mwaka 870 baharia wa Kiswidi aitwaye Garðar Svavarsson alikizunguka kisiwa chote kwa tanga, akajua kwamba ni kisiwa kweli. Baridi ikamkuta huko kaskazini. Akajenga nyumba ufukoni ili apitishe miezi ya giza, na pale mahali pakaitwa Húsavík, yaani Ghuba ya Nyumba. Msimu ulipofunguka akang'oa nanga kurudi kwao, lakini mashua ndogo ilikatika kutoka chomboni mwake. Ndani yake alikuwamo mtu aitwaye Náttfari, pamoja na mtumwa mmoja na mjakazi mmoja. Garðar akaenda zake, wale watatu wakabaki. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara huwawaza hao watatu, wakilitazama tanga likizama kwenye upeo wa macho. Kumbukeni jina la Náttfari, tutakutana nalo tena.

Sasa turudi kwenye karatasi.

Watu wa Aisilandi wameishi kwa samaki tangu enzi hizo. Ilipofika miaka ya 1980 waliogopa kwamba wanavua kuliko bahari inavyozaa. Mwaka 1984 serikali ikaanza kugawa mafungu: kila chombo kiliandikiwa kiasi cha samaki kinachoruhusiwa kuvua kwa mwaka, kikikimaliza basi. Nia ilikuwa njema, na samaki walihitaji kulindwa kweli. Lakini baadaye mafungu yakawa kitu cha kuuzwa na kununuliwa. Meli kubwa za chuma zikayakusanya, na mashua nyingi za mbao zikabaki gatini zikiwa nzima na imara, ila hazina ruhusa ya kuvua hata samaki mmoja. Tena, ili kupunguza idadi ya vyombo, wenye mashua walilipwa fedha wakubali kuziondoa kazini moja kwa moja. Nyingi zikavunjwavunjwa. Nyingine zikachomwa moto.

Tulieni kidogo hapo, kwa sababu sitaki mpite haraka. Aisilandi haina misitu ya mwaloni. Ubao mgumu wa kujengea mashua ililazimu uletwe kwa meli kutoka nchi nyingine. Fundi akaupima, akaupasua, akaupinda, akaweka mkuku, akasimamisha mataruma, akapigilia ubao mmoja baada ya mwingine, kisha akakalafati kila mwanya. Mashua ikavua miaka ishirini, thelathini, katika mawimbi ambayo yangeitupa ngalawa kama kifuu. Halafu siku moja inavutwa pwani, inamwagiwa mafuta, inawashwa kiberiti. Wazee wenye mikono migumu walisimama wakatazama. Aliyewahi kuona mwenye jahazi akishika ubavu wa chombo chake jinsi mtu anavyoshika bega la ndugu ataelewa.

Húsavík walikuwako ndugu wawili, Árni na Hörður Sigurbjarnarson. Walinunua mashua moja ya mwaloni iliyojengwa miaka ya 1960, wakaitengeneza upya. Iliitwa Knörrinn. Kwa lugha ya zamani ya kaskazini, knörr ni chombo cha mizigo, kipana cha tumbo, kilichobeba mbuzi, nafaka, mbao na familia nzima kuvuka bahari. Wengi mkisikia habari za Waviking mnafikiria meli nyembamba za vita, lakini waliohamia Aisilandi walikwenda kwa knörr. Kwa maneno yetu, lilikuwa jahazi lao.

Mwaka 1995 ndugu hao walianza kuwachukua watu kwa Knörrinn kwenda ghubani. Hawakubeba nyavu wala ndoana. Abiria walilipa nauli ili wakaone nyangumi, kisha warudi mikono mitupu.

Wapo walioona ni jambo la ajabu. Nani atoe fedha zake kumtazama mnyama ambaye wavuvi humwona kila siku bila malipo? Lakini watu wakaja. Mwaka uliofuata wakaja wengi zaidi. Mashua nyingine za mwaloni zikaokolewa, zikapakwa rangi, zikashuliwa tena. Moja ikapewa jina Garðar, na nyingine ndiyo hiyo niliyowaambia mkumbuke: Náttfari. Ipo pia iitwayo Haukur, mashua ya uvuvi ya miaka ya 1970, ambayo mafundi waliisimamishia milingoti miwili na matanga, ikafanana na vyombo vilivyokuwa vikivua kaskazini mwa Aisilandi yapata miaka mia moja kabla.

Sasa mtaniuliza: kwa nini nyangumi wapende ghuba hiyo, tena maji yenyewe baridi kama barafu?

Ghuba inaitwa Skjálfandi, maana yake ni ile inayotetemeka, na kweli ardhi ya huko hutetemeka mara kwa mara. Mito miwili inamwaga maji yake humo, ikibeba rutuba kutoka bara. Maji baridi ya kaskazini na maji ya vuguvugu ya kusini hukutana karibu na kisiwa hicho, na bahari ikakorogeka, ya chini yakapanda juu. Kisha kiangazi kinakuja, na mwezi wa Juni jua karibu halitui. Saa sita za usiku mtu anaweza kusoma gazeti nje. Kwa mwanga huo wa mchana na usiku, vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho huongezeka hadi maji yanabadilika rangi. Vijimea huliwa na vidudu vinavyofanana na uduvi, vidudu huliwa na samaki wadogo, na nyangumi hula vidudu na samaki kwa midomo mipana kama milango ya ghala.

Wanaofika mara nyingi ni nyangumi wa nundu, mwenye urefu wa mita kumi na tatu hadi kumi na tano hivi, na minke, ambaye ni mdogo zaidi. Wapo pomboo wenye mdomo mweupe. Na mwanzoni mwa kiangazi, kwa bahati, hupita nyangumi buluu, mnyama mkubwa kuliko wote waliopata kuishi duniani. Mjini Húsavík kuna Makumbusho ya Nyangumi, yaliyoanzishwa mwaka 1997, na ndani yake imetandazwa mifupa ya nyangumi buluu aliyekutwa amekufa pwani mwaka 2010. Urefu wake ni mita 25. Mkitaka kuupata ukubwa huo, pimeni uwanjani hatua kubwa ishirini na tano za mtu mzima, kisha mwende mkasimame upande wa pili mtazame mlikotoka.

Nawapandisha chomboni. Mnapewa kwanza mavazi mazito ya kuvaa mwili mzima, maana upepo wa huko huingia hadi mifupani. Mashua inapita karibu na kisiwa kidogo cha Lundey. Lundi kwa Kiaisilandi ni pafini, ndege mweusi na mweupe mwenye mdomo wa rangi kama aliyekula embe bila kujifuta, na ey ni kisiwa. Kwa hiyo Lundey ni Kisiwa cha Pafini, nao wapo kweli, wanapiga mbawa haraka haraka juu ya maji na samaki wamejipanga mdomoni.

Mwongozaji anatafuta pumzi. Nyangumi si samaki, lazima apande juu kuvuta hewa, na akiitoa hupanda mvuke. Wa nundu hutoa kama kichaka cha moshi. Wa buluu hutoa mnara ulionyooka, hata mita tisa kwenda juu. Mwongozaji akiuona hupaza sauti na kutaja saa: omo ni kumi na mbili, tezi ni sita, kulia tatu, kushoto tisa. Hapo Mswahili awe macho! Sisi tunazihesabu saa tangu jua linapochomoza, wao wanataja tarakimu ambako mshale unaelekea. Akisema tatu, usifikirie chai ya asubuhi. Fikiria uso wa saa ya ukutani, ugeuke upande wa kulia.

Mkiwa na bahati, nyangumi wa nundu atainua mkia kabla ya kuzama. Angalieni upande wa chini wa mkia huo. Una mabaka meusi na meupe, na hakuna nyangumi wawili wenye mabaka sawasawa, kama vile vidole vyenu visivyo na alama sawa na vya mwingine. Kila picha ya mkia ni kama kitambulisho. Chuo Kikuu cha Aisilandi kina kituo cha utafiti papo hapo Húsavík, na picha zinazopigwa kwenye mashua husaidia kujua nani amerudi mwaka huu.

Katika kurudi mnapewa chokoleti ya moto na mkate mtamu wenye mdalasini. Naam, mdalasini, ule ambao mtoto wa Unguja anaujua tangu ukiwa gome mtini.

Lakini kuna jambo ambalo abiria halioni kwa macho, nalo kwangu ndilo moyo wa hadithi.

Nyangumi anaishi kwa masikio. Mwanga hauendi mbali majini. Ukishuka kidogo tu ni giza. Sauti ndiyo inayosafiri, tena majini hukimbia zaidi ya mara nne ya inavyokimbia hewani. Nyangumi huitana, hutafutana, mama na mtoto hujuana kwa sauti. Sasa wazieni mashua yenye mashine kubwa ikija kwa kasi. Rafadha inapozunguka kwa nguvu huzalisha mapovu, na mapovu hayo yakipasuka hupiga kelele chini ya maji mbali sana. Ni kama nyinyi mnaongea na mama sebuleni, halafu mtu anaingiza pikipiki ndani bila hodi.

Watafiti waliowachunguza minke katika ghuba nyingine ya Aisilandi, Faxaflói, waliona kwamba mashua za watalii zinapokaribia, wanyama hao hubadili mwendo na kupunguza kula. Ndiyo maana waendeshaji wa safari hizo wana taratibu zao: usimkate nyangumi njia, usimfukuze kwa nyuma, punguza mwendo ukiwa bado mbali, acha rafadha isizunguke ukiwa karibu, usimkalie muda mrefu. Taratibu hizo ni adabu zilezile mnazofundishwa mkienda nyumba ya watu.

Wale wa Húsavík wakaona kwamba mashua kukuu zina kitu ambacho meli mpya hazina: zinaweza kubeba tanga, na tanga halingurumi.

Lakini tanga peke yake halitoshi, kwa kuwa upepo hauamrishwi. Mwaka 2015 wakafanya jambo na chombo chao kiitwacho Opal. Opal ilijengwa Ujerumani mwaka 1951 kama meli ya kuvua samaki, kisha ikageuzwa kuwa chombo cha matanga chenye milingoti miwili. Humo wakatia mota ya umeme na betri. Ikiwa gatini usiku, inachajiwa kama simu. Umeme wa Aisilandi karibu wote unatoka kwenye maporomoko ya maji na mvuke wa ardhini, aina ileile ya mvuke unaotolewa Olkaria karibu na Naivasha. Wataalamu wengi wa Kenya walikwenda kusomea kazi hiyo Aisilandi.

Sehemu inayonifurahisha zaidi ni hii. Mmewahi kuona baiskeli yenye dainamo? Kile kichupa kidogo kinachosuguliwa na tairi: ukikanyaga pedali, gurudumu linakizungusha, taa inawaka. Opal inafanya vivyo hivyo. Upepo ukishika, nahodha hutweka matanga na chombo hukata maji. Rafadha, ambayo kawaida husukuma maji, sasa inazungushwa nayo, na mota iliyokuwa ikila umeme inaanza kuuzaa na kuurudisha kwenye betri. Upepo ukitulia, chombo kinakwenda kwa umeme huo, bila moshi na karibu bila sauti. Abiria husikia maji yakipiga ubavu, kamba zikilia, na mara, pembeni ya mashua, pumzi nzito ya nyangumi, kama kiriba kikubwa kinachofunguliwa. Wa chini naye anasikia nini? Karibu kimya.

Sitawaficha magumu. Wageni wengi wanaofika Húsavík huanza safari yao kwa ndege, na ndege hutoa moshi mwingi ambao betri ya Opal haiwezi kuufuta. Mashua zenye mashine za kasi nazo zipo katika ghuba hiyohiyo, na kiangazi kikikolea, nyangumi mmoja anaweza kuzungukwa na vyombo kadhaa. Kuna jambo zito kuliko hayo. Aisilandi iliacha kuwinda nyangumi mwaka 1989, ikarudi mwaka 2003 kwa jina la utafiti, na mwaka 2006 kwa biashara wazi. Kwa miaka mingi, katika nchi moja, mashua moja ilitoka kuwatazama na nyingine ikatoka kuwaua. Wapo wageni walioshuka kutoka kuwashangilia nyangumi wakaenda hotelini kuagiza nyama yake ili waonje tu. Mimi nasema mgeni anayefanya hivyo hakumwona nyangumi hata kidogo.

Hata hivyo, mji uliwahi kuambiwa kwamba mashua zake hazina faida tena, na leo mashua hizo ndizo zinazowaleta watu. Mtoto wa Húsavík anaweza kujifunza unahodha na kazi ya mbao bila kuhama kwao. Ufundi ukipata kazi huishi. Mwaka 2021 UNESCO iliandika katika orodha yake ya urithi ufundi wa mashua ndogo za nchi tano za kaskazini, Aisilandi ikiwemo, zile ambazo kila ubao unaupanda mwenzake kama magamba ya samaki. Ni heshima kubwa. Lakini orodha haishiki nyundo.

Sisi tunalijua hilo kwa uchungu. Pwani yetu ilikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, chenye tanga la mkeka la mraba. Ulipokosa kazi ulitoweka, na ujuzi wa kuushona ukaondoka na wazee. Jahazi bado lipo, na Lamu bado mnaweza kumkuta fundi akipinda taruma. Nao nyangumi wa nundu hatuwaoni kwenye picha za Aisilandi tu. Kila mwaka, kuanzia Julai hadi Septemba hivi, huja pwani ya Kenya, Unguja na Mtwara kutoka bahari za barafu za kusini, kuzaa na kunyonyesha katika maji yetu ya moto. Wale wa Aisilandi huteremka kwenye bahari za joto za Atlantiki. Ni kabila moja, mitaa miwili. Wa kwetu huja na watoto wachanga, kwa hiyo wanahitaji utulivu kuliko hata wale wa Skjálfandi. Wavuvi wa Watamu wanawajua. Nawasihi, mkiwaona siku moja kutoka kwenye mashua, mwombeni nahodha azime mashine mbali. Akiwa na tanga, mwombeni alitweke.

Huko Húsavík, majira ya baridi yakikaribia, usiku hurefuka na wengi wa nyangumi wa nundu huelekea kusini. Mashua za mwaloni huvutwa nchi kavu, maana ubao usipotunzwa mwaka mmoja hudai miaka mitatu. Mafundi hukagua kila mwanya, hung'oa uzi uliochakaa, huingiza mpya, huupigilia kwa nyundo ya mbao na patasi. Koh. Koh. Koh. Ukipita pembeni ya bandari unasikia mlio huo toka mbali, juu ya theluji, na ghubani hakuna wa kusumbuliwa nao.